Jezi mpya ya Mazembe: jinsi ya kuinunua Lubumbashi bila kujuta

Jezi yangu ya kwanza ya TP Mazembe, klabu ya mpira ya hapa Lubumbashi, Kongo, niliinunua nje ya uwanja wake mtaani Kamalondo, dakika chache kabla ya mpira kuanza. Ngoma zinapigwa, watu wananisukuma mgongoni, na kijana mwenye jezi kumi begani ananiambia, "Papa, hii ndiyo ya mwisho." Nikaamini, ingawa zile tisa nyingine nilikuwa naziona kwa macho yangu. Ilipoingia kwenye beseni ilikuwa na mistari myeusi na myeupe. Ilipotoka ilikuwa na mistari ya kijivu na mingine ya kijivu zaidi. Mama watoto, ambaye ni shabiki wa Lupopo, wapinzani wetu wa mji huu huu, tangu tumboni, alicheka siku nzima.

Nilichojifunza siku ile ndicho kinachoongoza kila hatua hapa chini: jezi inunuliwe moyo ukiwa umepoa. Nitazungumzia zaidi Mazembe kwa sababu ndiyo yangu, lakini ukiwa mtu wa Lupopo, au ukitafuta ya Barcelona au Arsenal, kazi ni ile ile. (Huku kwetu wengi tunasema "mayo", kwa Kifaransa chetu. Nitaandika jezi ili ndugu wa Dar na Mombasa tusipotezane.)

Hatua ya 1: Chagua siku mbaya

Usinunue siku ya mechi. Usinunue siku ya derbi hata ukipewa kwa mkopo. Muuzaji anajua kwamba una haraka, unataka kuingia umevaa, na wenzako wamekuzunguka wote wakiwa na nyeusi na nyeupe. Hapo huna nguvu ya kuuliza wala kupunguza.

Siku nzuri ni Jumanne au Jumatano baada ya timu kufungwa, au baada ya sare ile ya kukera. Hakuna anayeuliza jezi. Muuzaji amekaa, ana muda, atakuruhusu kuigeuza na kuivuta, na bei inashuka yenyewe kabla hujafungua mdomo.

Kuna na suala la msimu. Klabu za Ulaya huonyesha jezi zao mpya kati ya Mei na Agosti, na za kwetu hutoka ligi ya taifa inapokaribia kuanza. Majuma ya kwanza baada ya jezi kuonyeshwa, sokoni kunajaa nakala zilizoshonwa kwa kuangalia picha. Mshonaji ameona kifua tu, hajaona mgongo. Ndiyo maana utakuta jezi ambayo mbele ni ya mwaka huu na nyuma ni ya mwaka wa juzi. Subiri kidogo, mwezi mmoja hivi, hadi zile zenyewe zifike na uweze kulinganisha.

Hatua ya 2: Ijue jezi kabla hujaiona

Kaa nyumbani, fungua ukurasa rasmi wa klabu, hifadhi picha 4 kwenye simu: mbele, mgongo, shingo, na nembo ikiwa karibu kabisa. Ukiwa sokoni intaneti inaweza kukutupa, kwa hiyo picha ziwe ndani ya simu tayari.

Kwenye nembo ya Mazembe mtazame mamba. Yule mamba ana mpira mdomoni. Kwenye nakala mbaya mpira unakuwa duara jeupe tu, kama yai, na mamba anafanana na mjusi wa ukutani. Hesabu pia majina ya wadhamini na mahali yalipokaa, maana wanaonakili hupenda kusahau lile dogo la begani au la mgongoni.

Wapo wazee wanaonung'unika kwamba jezi za siku hizi zimejaa matangazo. Mimi huwakumbusha kwamba klabu hii, iliyoanzishwa mwaka 1939 na mapadri Wabenediktini kwa jina la Saint-Georges, ilikuja kuitwa Englebert, na Englebert ilikuwa matairi. Vikombe vya Afrika vya 1967 na 1968 vilichukuliwa na timu yenye jina la tairi. Kwa hiyo tangazo la kifuani lisikunyime usingizi. Angalia tu kama limebandikwa vizuri.

Hatua ya 3: Amua unanunua nini hasa

Kuna aina 4, na muuzaji ataziita zote "orijino".

Ya kwanza ni ile inayouzwa na klabu yenyewe au na mtu ambaye klabu imemtangaza. Kama ni Mazembe au Lupopo na mfuko unaruhusu, nunua hii. Pesa inarudi kwenye timu unayoipenda, na hiyo si hoja ndogo kwa klabu za kwetu.

Ya pili ni nakala nzuri. Kitambaa kinapumua, mshono umenyooka, rangi haitoki. Sitamhukumu mtu anayenunua nakala nzuri ya klabu ya Ulaya wakati ile yenyewe inauzwa kule karibu dola 100, na zaidi ya hapo kwa ile wanayovaa wachezaji. Ninachokataa ni kulipa bei ya ile halisi ukapewa nakala.

Ya tatu ni nakala mbaya, ile yangu ya Kamalondo.

Ya nne ni mitumba, ambayo jirani zetu wa Zambia wanaiita salaula. Hapa ndipo mwenye jicho anapofaidi. Ndani ya robota moja la nguo kuukuu kunaweza kulala jezi halali ya klabu ya Ulaya ya miaka 10 iliyopita, iliyotunzwa, kwa bei ya chini kuliko nakala mpya. Lakini uende na historia kichwani. Kuna mtu alitaka kuniuzia jezi ya Mazembe yenye namba 8 na jina la Mputu, nyota wetu wa miaka ile, "iliyochezewa fainali ya Abu Dhabi 2010". Kombe lile la Dunia la Klabu nalikumbuka vizuri: tuliwatoa Pachuca 1-0, tukawatoa Internacional ya Brazil 2-0, Inter Milan wakatufunga 3-0, na kipa wetu Kidiaba akaruka kwa makalio mbele ya dunia nzima. Trésor Mputu hakuwepo. Alikuwa amefungiwa na FIFA mwaka mzima. Nilimwambia yule bwana, "Kaka, huyo alitazama kwenye televisheni kama mimi." Akapunguza bei. Sikununua.

Hatua ya 4: Macho yapumzike, mikono ifanye kazi

Hatua hii ndiyo kubwa. Ukiwa na muda wa kusoma moja tu, soma hii.

Omba ruhusa kwanza. "Mama, naweza kuigeuza?" Mwenye bidhaa nzuri hatakataa. Akikunyang'anya, umeshapata jibu.

Geuza jezi ndani iwe nje. Uso wa jezi unadanganya, tumbo lake halijui kudanganya. Tazama mishono ya kwapani na ya ubavuni: iwe sawa, iliyokaribiana, bila nyuzi ndefu zinazoning'inia. Nyuzi moja au mbili si kitu. Nyuzi kama ndevu za mbuzi, rudisha.

Mwaka ambao jezi ina mistari, angalia pale mistari inapokutana begani na ubavuni. Kulinganisha mistari kunataka kukata kitambaa kwa uangalifu, na anayeshona haraka hana muda huo. Ukiona mstari mweusi unagongana na mweupe kama magari ya njia panda isiyo na polisi, umeshajua ilikoshonewa haraka.

Halafu nembo. Ipo iliyotariziwa kwa uzi na ipo iliyobandikwa kwa moto, na watu wengi hukosea hapa: hudhani ya uzi ndiyo halisi na ya kubandikwa ni bandia. Kwa makampuni mengi makubwa, jezi ya shabiki ndiyo huwa na nembo ya uzi, na ile ya mchezaji huwa na nembo ya kubandikwa kwa sababu ni nyepesi na haikwaruzi ngozi. Kwa hiyo usiulize ni ya aina gani, uliza imefanywaje. Ya uzi, pitisha kidole nyuma yake: kusiwe na karatasi ngumu inayochoma kifua. Ya kubandikwa, jaribu ukingo kwa kucha, taratibu. Ikianza kunyanyuka dukani, nyumbani haitamaliza juma.

Vuta kitambaa kidogo pale kwenye jina la mdhamini, kisha achia. Maandishi mazuri yanarudi pamoja na kitambaa. Mabaya yanabaki na nyufa ndogo kama matope yaliyokauka.

Sasa kipimo ninachokipenda, ambacho kingeniokoa siku ile. Beba kitambaa cheupe, hata leso. Kiloweshe kwa maji kidogo, sugua sehemu nyeusi ya jezi kwa ndani, mara kumi hivi. Leso ikitoka na weusi, mshukuru muuzaji na uende. Hakuna chumvi wala siki itakayoizuia rangi hiyo. Watu husema loweka kwa chumvi rangi ishike. Jezi hizi ni poliesta, na chumvi haina habari na poliesta.

Inuse pia. Harufu kali ya gundi au ya mafuta ya taa ni dalili ya ubandikaji wa haraka. Kisha ielekeze kwenye jua: ukiona vidole vyako vyote upande wa pili, ujue na jirani yako uwanjani ataona kitovu.

Mwisho, tafuta kikaratasi kidogo cha ndani, mara nyingi ubavuni chini. Kwenye jezi za Nike na Adidas kina namba ya bidhaa. Iandike kwenye intaneti. Ikileta jezi nyingine, au ikileta viatu, mazungumzo yameisha. Ila ikileta jezi sahihi usishangilie mapema, kwa kuwa wanaonakili hunakili hata namba. Namba mbaya inakuonyesha bandia. Namba nzuri haitoshi peke yake kuonyesha halisi.

Hatua ya 5: Kipimo cha mwili

Usiamini herufi. L ya nakala nyingi zinazotoka Asia inakaa kama M. Nyumbani chukua fulana inayokukaa vizuri, ilaze mezani, pima kwa utepe kutoka kwapa hadi kwapa. Tuseme ni sentimita 54. Nenda na namba hiyo, pima jezi vilevile. Hapo hujavua nguo sokoni wala hujabahatisha.

Ongeza sentimita 2 au 3 kama utavaa na kitu ndani. Lubumbashi iko juu, zaidi ya mita 1,200, na asubuhi za Juni na Julai si za kuchezea. Jezi ya mchezaji hukatwa kwa kubana mwili. Kama una tumbo la baba mwenye nyumba, kama mimi, chukua ile ya shabiki.

Mtoto mnunulie namba moja juu. Atakua kabla ligi haijaisha.

Hatua ya 6: Mahali na bei

Mjini kati kuna maduka, soko la Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi, si ile nchi) lina kila kitu, na barabara za Kamalondo siku ya mechi tumeshazisema. Wengine hushuka Kasumbalesa, mpakani, kwa kudhani kule ni nafuu. Kwa jezi moja nauli inakula faida yote. Nenda kama una shughuli nyingine.

Kuagiza kupitia mawakala wanaoleta mizigo kwa kilo kutoka Dubai au China kunawezekana, lakini hesabu vizuri. Jezi moja haifiki robo kilo. Wakala akikutoza kilo nzima kwa jezi moja, umelipia hewa. Jikusanyeni watu wanne, agizeni pamoja, mgawane kilo.

Kupatana bei huenda hivi, nami nilikwenda Jumatano, baada ya sare.

"Papa, hii ni orijino kabisa, inatoka Ulaya."

"Ulaya gani, mwanangu? Ile ya Kasumbalesa?"

Akacheka. Muuzaji akicheka, bei imeshalegea. Alianza na dola 20. Nikamwonyesha uzi unaoning'inia kwapani, nikanyamaza. Kunyamaza ni nusu ya kupatana. Tukafunga kwa 12, na nikaomba matabishi: namba ya mgongoni bure. Akanipa namba, jina nikalipia.

Kuhusu dola zenyewe: noti iwe safi. Iliyochanika hata kwa upana wa ukucha, iliyoandikwa kwa kalamu au iliyochakaa itakataliwa, na chenji ukipewa ya namna hiyo ikatae palepale, maana utakapogeuka hakuna anayekujua. Ukilipa dola ukarudishiwa franka, uliza kwanza anabadilisha kwa ngapi, ulinganishe na wabadilishaji pesa wa barabarani. Baadhi ya wauzaji wanapoteza faida kwenye bei na kuirudisha kwenye chenji. Kwa M-Pesa, Airtel Money au Orange Money, kubalianeni mapema nani analipa gharama ya kutoa.

Hatua ya 7: Jina na namba

Kubandika jina na namba mgongoni tunaita flokaji. Fundi anakata herufi kwenye plastiki maalumu, anaibandika kwa mashine ya moto. Kwa plastiki nyingi za kazi hiyo ni joto la nyuzi 150 hivi za Selsiasi, sekunde 10 hadi 15. Umeme ukicheza katikati, herufi inashika nusu, nawe hutajua mpaka siku ya kufua. Kaa pale, subiri, tazama. Umeme ukikatika, mwombe arudie. Anayetumia pasi ya kawaida badala ya mashine, mpishe.

Siku ile usiifue. Ipe saa 24 gundi ikomae.

Kama jezi ni nyekundu au ya rangi kali na herufi ni nyeupe, moto ukizidi rangi ya kitambaa hupanda juu, na nyeupe inakuwa ya waridi. Hata kwenye nyeusi yetu, herufi nyeupe inaweza kugeuka ya kijivu.

Jina gani? Fikiri kabla. Novemba 2015 Mazembe ilichukua kombe la mabingwa Afrika, na Mtanzania Mbwana Samatta alikuwa moto wa kuotea mbali. Watu waliandika jina lake migongoni. Januari 2016 akaenda Genk, Ubelgiji. Anayeuzwa ni mchezaji, anayebaki na jina ni wewe. Kwa mchezaji aliye kwenye kilele, jiulize kama atakuwepo baada ya dirisha la usajili. Mimi niliandika Kidiaba, 1. Huyo hakuna klabu itakayokuja kumchukua tena.

Hatua ya 8: Kufua

Vumbi letu jekundu likilowa linakuwa rangi ya nyumba. Kwa hiyo kung'uta kwanza jezi ikiwa kavu, nje, kabla haijagusa maji. Igeuze ndani nje. Maji baridi, sabuni kidogo, usizisugue herufi zenyewe kwa zenyewe. Javeli, ile dawa ya kung'arisha nguo, hapana, hata kwenye nyeupe: inakula uzi na nyeupe inaweza kugeuka njano. Usiikamue kwa kuisokota kama unamnyonga kuku; ibane tu maji yatoke.

Ianike kivulini. Pasi haihitajiki, poliesta ikianikwa vizuri hunyooka. Ukilazimika, iwe ndani nje, moto mdogo, na isiguse maandishi. Pasi ya makaa usiisogeze kabisa, kwa sababu haina kipimo, na herufi zitaondoka zikiwa zimeng'ang'ania pasi.

Na jambo la mwisho, kwa nyumba kama yangu. Mama watoto ana jezi ya njano na bluu, urithi wa baba yake mfanyakazi wa reli, na Lupopo ni timu ya watu wa reli tangu zamani. Siku moja mtoto aliziloweka pamoja, nyeusi yangu mpya na njano yake. Njano ikatoka na mabaka kama ndizi iliyoiva mno. Yangu ilikuwa imepita kipimo cha leso, ila nilisugua mwili tu, mikono ya jezi nikaisahau. Sugua na mikono. Na nyumbani kwetu sasa kuna mabeseni mawili.